Ziara ya Mbambakofi

Mkwe wangu, Bi Mweri, alianza kukizunguka kisima siku ya pili baada ya kumpelekea habari kwamba tutakwenda Mbambakofi. Asubuhi, jua halijawa kali, nilisikia fimbo yake nyuma ya nyumba. Ko, ko, ko, ikigonga saruji iliyozunguka kisima, halafu ikamezwa na mchanga, halafu ikarudi. Nilikuwa nimekaa kitandani nafunga vifungo vya shati. Nikahesabu. Mara ya sita fimbo ikasimama, nikamsikia akihema, na Nadira, binti yangu, akimwambia pumzika nyanya. Baadaye Nadira akaja mlangoni kwangu.

"Baba, nyanya asema leo sita. Kesho saba."

Nikamwambia amjibu kwamba ni vyema, lakini asijichoshe.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukizungumza, mimi na mama wa marehemu mke wangu. Yeye alikaa kijumba cha uani hapa Bofu, Likoni, mimi nikakaa nyumba kubwa, na maneno yakapita kwa Nadira. Kwetu mkwe wa kike hatazamwi usoni, wala hakai jamvi moja na mume wa mwanawe. Nikipita uani nilikohoa, naye akajitanda leso mpaka puani na kugeukia ukuta. Ustadhi atakwambia dini haikatazi, mama mkwe ni maharimu wako, waweza hata kumshika mkono. Sawa. Dini ni dini na mila ni mila. Tangu nimuoe Mwanarusi, miaka thelathini na minne, sikuwa nimemgusa mamake hata ukucha.

Mwanarusi alikufa mwaka juzi kwa sukari. Sitaitaja zahanati, maana kuitaja hakutamrudisha. Nitasema tu kwamba tulikwenda mara nne na mara nne tukaambiwa dawa hakuna, na ukutani mwa zahanati hiyo hiyo kulikuwa na picha ya mkubwa mmoja akikata utepe, meno nje. Mguu ukaoza. Siku tatu kabla hajafa aliniita karibu, akasema, "Mama mpeleke kwa Rama. Mimi nimeshindwa. Usimwachie mtu mwingine, mpeleke wewe."

Rama alikuwa kaka yake Mwanarusi, ingawa Mwanarusi hakupata kumwona. Ndiye mtoto wa kwanza wa Bi Mweri. Aliumwa na nyoka akiwa na miaka minne, akazikwa Mbambakofi, kijiji chao huko milimani upande wa Kwale, ambako leo ni msitu mtupu. Mwaka uliofuata walikuja watu wa serikali na kamba za kupimia, wakasema hapa patakuwa msitu wa wanyama, watu washuke. Watu wakashuka. Hawakupewa hata siku ya kuaga makaburi. Ndovu wakapewa mlima, na Bi Mweri akapewa nafasi ya kupanga chumba Likoni. Tangu hapo hajarudi. Kwanza palikuwa na walinzi, kisha pakawa na ua wa nyaya za umeme, na sasa macho yake yameingia ukungu, haoni ila mwanga na kivuli.

Mwanarusi alipanga kumpeleka kila mwaka. Kila mwaka pakawa na jambo. Mimi nilikuwa kuli bandarini, pale Kipevu, na sikuwa na siku yangu mwenyewe, na wakubwa walipoamua kwamba mashine zatosha na makuli hatutakikani tena, siku nikawa nazo nyingi lakini magoti yamekwisha. Kisha yeye akaugua. Basi baada ya hitima ya mwaka wake nikamwambia Nadira, "Kamwambie nyanyako ajiandae. Nnampeleka kwa Rama mimi."

Safari ya siku moja, lakini tuliipanga kama watu wanaokwenda Hija.

Njia tulielekezwa na Bi Mweri mwenyewe. Alikaa ndani ya kijumba chake, mimi nikakaa nje kwenye kigoda, ukuta katikati, na Nadira mlangoni. Nikachukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita nikachora nyuma yake. Bi Mweri alisema na Nadira ingawa nilimsikia wazi, naye Nadira akanirudia maneno yale yale, nami nikasubiri mpaka ayarudie ndipo niandike. Kutoka langoni ufuate mgongo wa mlima. Jua la asubuhi likupige bega la kushoto. Utafika penye mawe matatu makubwa, moja limepasuka. Hapo uache njia iteremkayo kwenye maji, upande mkono wa kulia kwenye miti ya mibambakofi. Nyumba zilikuwa juu, na maji yalilia nyuma yake. Makaburi yalikuwa chini ya maporomoko, pale mlima unapokatika ghafla kuelekea bondeni.

"Kaburi la Rama ni la tatu," Nadira alirudia. "Nyanya asema alipanda ua la kiyungiyungi kichwani mwake."

Nikaandika: la tatu, kiyungiyungi.

Nadira alitafuta mahali hapo kwenye simu yake akaona kijani tu. Akapiga hesabu kwamba kwa miguu ya mtu mzima ni mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi, na kwa miguu ya nyanya zidisha. Kwa hiyo tukapanga hivi. Tukisali alfajiri tuondoke, saa moja na nusu tuwe langoni, kabla ya adhuhuri tuwe makaburini, tusome Yasini, tule, na alasiri tuwe njiani kurudi. Sharif, jirani yangu mwenye gari la kubebea mitumba, alikubali kutupeleka na kutungojea, ila hakuacha kunichokoza.

"Wewe na magoti yako, mkweo na mato yake yasiyoona," aliniambia pale barazani kwake. "Mlimani huko nani atambeba nani?"

Nikamwambia hakuna wa kubebwa. Lakini neno lake lilinikaa. Mahali pa kuteremka na kupanda, kipofu lazima ashikwe, na Nadira peke yake hamwezi. Nililiuliza hilo kupitia mlangoni, kwa adabu, nikiuma maneno. Jibu lilikuja siku ya pili. Nadira alinipa leso ya marehemu mamake, kuukuu, rangi ya zambarau, imesokotwa kama kamba. Nyanya asema wewe ushike ncha hii, yeye atashika ile. Niliifungua kidogo nikasoma jina la leso: *Niliahidi nitakuja, hukuahidi kungoja*. Nikaisokota tena.

Kibali ndicho nilichokifuata mwenyewe. Nadira alitaka kuja.

"Baba, nije nikuandikie?"

"Fomu ni ya Kizungu?"

"La, wamesema ni ya Kiswahili."

"Sasa Kiswahili nifundishwe na nani, mimi niliyezaliwa nacho?"

Nilisoma mpaka darasa la nne. Kuandika naandika, polepole, herufi kubwa. Nikapanda matatu, nikafika ofisi ya msitu kabla ya saa nne. Kwenye meza alikuwa msichana wa bara, Mercyline, jina lilikuwa kifuani. Aliniamkia, "Shikamoo mzee," akanipa kiti na kalamu. Sina ubaya naye hata leo. Ubaya wangu ni na waliomweka pale.

Fomu ilikuwa na mistari. Jina. Idadi ya watu. Tarehe. Halafu: LENGO LA KUINGIA. Hapo nikaandika ZIARA.

Yeyote aliyezaliwa pwani ajua nilichoandika. Mtu akikwambia yuwaenda ziara humuulizi ziara gani. Wamtafutia ubani, wamwambia nisomee na mimi, wamuombea maiti wake. Neno limetimia lenyewe. Hata wino ulipokuwa mbichi kwenye ile karatasi nililiona zuri, lina heshima, nikafikiri Mwanarusi angeliona angefurahi.

Mercyline akaisoma.

"Lengo ni ziara, mzee?"

"Ndiyo, mwanangu. Ziara."

"Mko watatu."

"Mimi, mkwe wangu na binti yangu."

"Na mnataka kufika mpaka maporomoko?"

Nikasema kumbe huku pia wapajua. "Hasa," nikamwambia. "Chini ya maporomoko."

"Huko ni kuzuri sana," akasema. "Mtapenda."

Nililiona neno hilo si mahali pake, mtu kuambiwa atapenda makaburini. Lakini nikasema hawa wa bara ndivyo wasemavyo, hawakusudii ubaya. Akaandika mstari, akapiga muhuri, wino umefifia, maneno ya mwanzo hayasomeki ila ya mwisho: *wa ndani*. Nikaona sawa, si tunakwenda ndani. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na njia nzima nikawa naigusa.

Mwezi mzima ule fimbo haikulala. Kumi na mbili. Kumi na tano. Siku moja ilinyesha, nikajua leo hatatoka, na akatoka. Ishirini na moja. Nikawa naamka mapema ili nisikose kuhesabu, na kusema kweli tangu Mwanarusi afe sikuwa na jambo la kuniamsha. Bi Mweri alimtuma Nadira soko la Kongowea kumtafutia raba za mpira. Akanunua kichupa cha marashi ya Kiarabu, akakizungushia kitambaa, akakitia ndani ya mkoba pamoja na Yasini, na kila jioni akamwambia Nadira akipapase aone kama hakivuji. Mimi nilichonga fimbo ya pili, ya akiba. Nikajizoeza pia, nashuka na kupanda ule mteremko wa kwenda pwani, usiku magoti nayapaka mafuta ya nazi na karafuu. Wiki ya mwisho Nadira akaja, uso wake unacheka.

"Baba, nyanya asema leo arubaini, na hakuhema."

Siku yenyewe ilikuja na mawingu. Sharif alitushusha langoni saa moja na robo. Tulipokelewa na askari kijana, Brandon, mrefu, bunduki begani. Akaichukua karatasi, akaisoma, akaigonga kwa kidole. "Karibuni kwa ziara," akasema. Alimwona Bi Mweri, buibui, raba nyeupe, leso ya pili juu ya kichwa, akamsifu kwamba nyanya ana nguvu. Mimi nikatazama ardhini, mkwe wangu nikamwona miguu tu. Nikashika ncha yangu ya leso. Ikakazika. Tukaenda.

Mbele Brandon, kisha mimi, kisha leso, kisha Bi Mweri, na Nadira nyuma yake na mkoba. Msitu ulikuwa na baridi. Umande ulidondoka kwenye majani kama mvua iliyochelewa. Kinyesi cha ndovu njiani, kibichi, na nyani mmoja juu alitukoromea. Nilikuwa nikiangalia karatasi yangu ya kalenda. Bega la kushoto, jua halikuwapo kwa sababu ya wingu, lakini mwanga ulikuwa upande wake. Mawe matatu tuliyafikia kama alivyosema, moja limepasuka, mti umeota ndani ya ufa. Nikamwambia Nadira amwambie. Nadira akamwambia. Leso ikalegea, alikuwa ameongeza mwendo.

Brandon akapita mawe, akaenda kushoto, chini.

Nilidhani kuna njia ya kuzunguka. Nilijiambia njia hubadilika, miaka hamsini na kitu si mchezo. Tukateremka. Vidaraja vya mbao, mikono ya kushikia, bango lenye picha ya ndege. Magoti yangu yalilia. Tuliteremka nusu saa, tena nusu saa. Leso ikanivuta nyuma. Bi Mweri alikuwa amesimama.

"Nadira," alisema, "mwambie babako tumepotea."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nadira akageuka akaniambia, "Baba, nyanya asema tumepotea."

"Hatujapotea, nyanya," Brandon akasema. "Ndiyo njia ya maporomoko. Sikiza maji hayo."

"Maji nayasikia. Yako mbele. Kwetu hayakuwa mbele, yalilia nyuma ya nyumba." Akainua fimbo akaionyeshea kule tulikotoka, juu, kulia. "Nadira, muulize huyu, mibambakofi tumeipita wapi?"

Brandon akanitazama. Nikatoa karatasi ya kalenda nikamwonyesha, mawe haya hapa, panda kulia, makaburi chini ya maporomoko. Akaitazama sana, kisha akatoa ile ya ofisi. Nadira akaichukua akaisoma kwa sauti, pamoja na muhuri, maana macho yake ni mapya. Lengo, ziara. Mahali, maporomoko ya maji. Aina, watalii wa ndani.

Nikasema nilichokwenda kuomba ofisini ni kaburi.

"Mzee, hapa hakuna kaburi. Uliandika ziara."

"Na ziara ni nini?"

"Ziara ni kutembea, mzee. Kuzunguka, kuona-ona mahali." Alisema polepole, kama mtu asiyetaka kuumiza. "Rais akienda mahali si wanasema yuko ziarani?"

Basi nikajua. Wamelichukua neno letu wakalipeleka kwenye magari yao ya bendera, wakalichosha huko, na lilipoturudia halikutujua tena. Hata hivyo mkono ulioandika ulikuwa huu wangu, na binti yangu alikuwa ameniomba aje.

Brandon hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu ya upepo ofisini, akazungumza, akasikiliza, akaniwekea nami nisikie. Ilikuwa sauti ya Mercyline. Alisema aliniuliza mara mbili. Akasema habari ya makaburi ni habari nyingine, yataka barua ya chifu na ushahidi, faili liende mpaka Nairobi, na upande ule wa mlima umefungwa kwa sababu ya ndovu wenye watoto, hauendi bila askari wawili. Nikamwomba Brandon, nikamwita mwanangu, nikamwambia ni mwendo wa saa moja tu na nyanya huyu hana mwaka mwingine. Alitazama viatu vyake.

"Nikikupeleka, mzee, kesho mimi sina kazi."

Neno hilo nalijua. Nimelisema mimi mwenyewe Kipevu, mbele ya watu waliokuwa na haki.

Hapo likanijia wazo ambalo nalitaja kwa aibu. Haoni. Pale kando ya njia palikuwa na jiwe refu, na majani ya kiyungiyungi au yanayofanana nayo. Ningesema tumefika. Ningesema la tatu ndilo hili, mkwe, mwagia marashi. Nilifungua kinywa, nikasema, "Nadira, mwambie nyanyako..."

"Mwinyihaji."

Hakupata kulitaja jina langu, miaka yote ile. Nadira mwenyewe aliduwaa. Bi Mweri alikuwa amenielekea, leso imemteremka usoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona. Alikuwa na kipaji cha uso cha Mwanarusi.

"Karatasi hiyo waliandika wao, au uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Uliandika nini?"

"Ziara."

Maji yalikuwa yakinguruma kule chini bila ya kupumzika.

"Basi ndivyo liandikwavyo," akasema.

Akajitanda tena. Akamwambia Nadira amgeuze aelekee mibambakofi iliko. Nadira akamshika mabega akamgeuza, akatazama karatasi yangu, akamrekebisha kidogo. Bi Mweri akaisimamisha fimbo mbele yake kwa mikono miwili. Hakupaza sauti. Alisema, "Rama. Ni mamako. Nimefika mpaka hapa." Kisha akataka asomewe Yasini, akasomewa, Brandon amevua kofia yake. Nadira alipomaliza akakitoa kichupa cha marashi akamtilia nyanyake mkononi. Bi Mweri akakipapasa kizibo, akakirudisha. Akasema hayamwagwi njiani.

Kule chini tulisikia kundi la watalii wakicheka ndani ya maji. Brandon aliuliza kama tungependa kuyaona, zilibaki hatua mia tu. Nikashika ncha yangu ya leso, tukageuka.

Kupanda ndiko kulikomshinda. Mizunguko arubaini ya kisima ilikuwa ya mchanga tambarare, na hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo. Kufika nusu ya mteremko miguu yake ilikunjika, akakaa kwenye ngazi ya udongo, akajaribu kusimama, akakaa tena. Leso ilikuwa bado imekaza kati yetu, haina kazi. Brandon akampa Nadira bunduki amshikie, kisha akakumbuka akaichukua, akaitundika bega jingine, akainama akasema nyanya njoo nikubebe. Bi Mweri akamwambia Nadira amshukuru huyo kijana, lakini yeye habebwi na mwanamume asiyemjua.

"Mkwe wangu yupo," akasema.

Nikachutama mbele yake, nikimpa mgongo. Nilisikia akipanga nguo zake, akijifunika uso wote, kisha mikono yake ikapita mabegani mwangu. Alikuwa mwepesi. Nilibeba magunia ya kilo tisini miaka ishirini na sita na hakuna lililonielemea kama yeye. Nilikuwa nimejiambia kwamba, ikibidi mila ivunjwe, na ivunjwe, ilimradi nimfikishe kwa mwanawe. Imevunjwa nikimrudisha. Hatua kumi, napumzika. Hatua kumi. Alinipumulia shingoni, na Nadira nyuma yetu alikuwa akilia akidhani hatumsikii. Penye mawe matatu nilisimama. Kulia palikuwa na njia ya mnyama, inapanda, imefunikwa na majani. Hata Brandon aliitazama. Kisha tukaendelea kwenda langoni.

Sharif alituona tunatokea, mimi chini yeye juu. Alikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikauona, akaumeza. Akafungua mlango wa gari.

Nilipeleka fomu nyingine. Safari hii aliandika Nadira, nikamwambia andika kaburi, andika maiti, andika mtoto wa miaka minne, andika kila neno walijuavyo wao. Chifu alituambia tuje Jumatatu. Jumatatu alikuwa na mkutano wa wakubwa. Wiki tatu baadaye alitia sahihi. Faili likaenda, likarudi, na kipande cha karatasi kimebanwa juu yake: mwombaji alete kibali cha mazishi cha marehemu. Mtoto aliyezikwa mlimani kabla sijajua kutembea mimi, kaburi wakalichimba baba yake na mjombake kwa jembe moja. Nikaipeleka kwa wakili wa bure aliyekuja Likoni na hema lake, akanipa nambari ya simu, haishikwi. Mtu wa kuomba kura alipita Bofu, nikamsimamisha, akaandika jina langu kwenye mkono wake kwa kalamu. Kwenye mkono.

Bi Mweri sikumwona tena uso. Tulirudi kwenye ukuta na mlango. Kesho yake baada ya safari niliamka mapema kama nilivyozoea, nikakaa kitandani. Fimbo haikutoka. Nikasema amechoka, apumzike siku mbili tatu. Wiki ikapita. Nikamtuma Nadira amuulize kama miguu yamuuma. Akaja akasema miguu haimuumi.

Juzi nikamwambia, "Kamwambie nyanyako mvua zikisha tutajaribu tena. Mwambie ofisi wamesema faili halijafungwa."

Nadira alikwenda. Alikaa kitambo. Aliporudi alikuwa na kile kichupa cha marashi, bado kimezungushiwa kitambaa.

"Nyanya asema huyu wa karibu mpelekee wewe," akasema, akimaanisha mamake, aliyelala makaburi ya hapa hapa Bofu, nyuma ya shule. "Wa mbali amemwachia Mungu."

Nikakipokea. Nikauliza kama kuna jingine. Akasema hakuna. Kisha akachukua ndoo akaenda kisimani, nikaisikia kamba ikiteremka.